Je, Wajua? Gofu ya Visahani, Milimani na Msituni

Katika gofu hii hakuna virungu wala mpira. Mchezaji hurusha kisahani cha plastiki, akakifuata kilipoangukia, akarusha tena, mpaka kitue ndani ya kikapu cha chuma kilichosimikwa juu ya nguzo. Sehemu ya uwanja inayoishia kwenye kila kikapu huitwa shimo, na mshindi ni aliyerusha mara chache kuliko wenzake. Uwanja ukiwa na vilima na miti, nguvu za mkono peke yake hazitoshi. Je, wajua kwamba…

…kikapu kilizaliwa na mabishano? Uwanja wa kwanza wa kudumu ulianzishwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, karibu na Pasadena, California. Aliyeubuni ni Ed Headrick wa kampuni ya Wham-O, aliyekuwa ameboresha kisahani cha Frisbee. Mwanzoni wachezaji walilenga nguzo tupu, na kila mara wakabishana: kimegusa, hakijagusa! Headrick akabuni kikapu chenye minyororo inayoning'inia, akapata hataza mwaka 1977. Minyororo huua kasi ya kisahani, nacho kikadondoka kikapuni mbele ya mashahidi wote.

…kuna shimo lililopewa jina la "Kilele cha Dunia"? Ni shimo la 27 katika uwanja wa DeLaveaga mjini Santa Cruz, California, ulioanzishwa mwaka 1984 ndani ya bustani ya umma yenye mialoni na makorongo. Mchezaji husimama juu na kurusha bondeni, na siku isiyo na ukungu huiona Ghuba ya Monterey kwa mbali.

…kisahani kinaweza kuuzunguka mti? Anayetumia mkono wa kulia, akirusha kwa kuuvuta mkono kutoka upande wa kushoto, hukifanya kisahani kizunguke kama mshale wa saa. Kikiwa na kasi kubwa huweza kujipinda kulia. Kasi ikipungua, huishia kushoto. Mchezaji mjuzi huutumia mpindo huo kukipitisha pembeni mwa shina lililoziba njia.

…mteremko huadhibu kuliko mti? Kisahani kikikikosa kikapu na kuangukia ukingo wake, hubingirika kama gurudumu hadi chini korongoni. Aliyekuwa hatua chache tu kutoka kwenye kikapu hujikuta mbali kuliko alikotoka. Ndiyo maana wazoefu, wakiona bonde nyuma ya kikapu, hukitua kisahani taratibu kando yake na kumalizia kwa mrusho unaofuata.

…kuvunja tawi ni kosa? Hata kama tawi limekuzibia njia, sheria hazikuruhusu kulivunja. Unasimama unavyoweza na kurusha hivyohivyo. Ukikaidi, unaadhibiwa. Kisahani kikipotea vichakani, mnakitafuta kwa dakika tatu. Kisipoonekana, unaongezewa mrusho mmoja wa adhabu.

…kichaka cha mwasho cha California kina undugu na mwembe? Wanaosaka visahani huko hukiogopa kichaka chenye vijani vitatu kwa kila jani, ambacho mafuta yake hubabua ngozi. Kipo katika familia moja na mwembe na mkorosho. Waliowahi kubabuliwa ngozi na mafuta ya maganda ya korosho wanaelewa kinachosemwa hapa.

…ubingwa wa dunia umewahi kuamuliwa kutoka umbali wa mita 75? Mwaka 2021, mjini Ogden, Utah, James Conrad alikuwa nyuma ya Paul McBeth kwenye shimo la mwisho. Akarusha kutoka takriban mita 75, kisahani kikaingia moja kwa moja, wakawa sare. Katika shimo la ziada Conrad akatwaa taji.

…majivu ya mwanzilishi yaligeuzwa visahani? Headrick alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki na kufinyangwa kuwa visahani, kama alivyousia.

Leo dunia ina viwanja zaidi ya 15,000, na vingi havina kiingilio. Mlima usiofaa kwa kandanda, wenye miti ambayo hakuna anayetaka ikatwe, unaufaa mchezo huu kuliko uwanda wowote.