Hazina iliyo nje ya orodha ya mtihani

Muulize Mtanzania aliyemaliza kidato cha sita akutajie riwaya za Kiswahili alizosoma, na mara nyingi atakutajia zilezile: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Vuta N'kuvute. Ni vitabu vizuri, sina ugomvi navyo. Ila msomaji hakuvichagua, alipangiwa. Kitabu kikiingia kwenye orodha ya shule, huchapwa tena na tena na kufika hadi kwenye meza za wauzaji wa kando ya barabara. Kisipoingia, toleo la kwanza likiisha ndiyo basi. Kwa utaratibu huu tumewasahau waandishi ambao tungepaswa kuwajua kama tunavyomjua Shaaban Robert.

Wa kwanza ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Aliandika riwaya yake kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, akitaka mila za watu wake zisipotee. Hakupata wa kuichapa. Miaka ikapita, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na hatimaye Tanzania Publishing House ikaitoa kwa jina refu la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mzee alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Kisa chenyewe ni cha mume na mke wasiojaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanakuja kumchukua, na Myombekere anapokwenda kumrudisha, wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Hapo Kitereza hana haraka hata kidogo. Anakueleza ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, nani anaitwa kusaidia kazi, na maneno gani yanasemwa mgeni anapobisha hodi. Aliyezoea riwaya za mbio atachoka kurasa za mwanzo. Avumilie, maana katika pombe hiyo mtu anapigania ndoa yake. Sijasoma riwaya nyingine ya Kiswahili inayomwonyesha mwanamume akishikamana na mkewe kwa subira namna ile, huku jamaa zake wakimwona tasa tu.

Kama unapenda habari za safari, mtafute Salim bin Abakari. Mngazija huyu alifuatana na bwana wake Mjerumani mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia, kisha akasimulia aliyoyaona. Simulizi lake limo katika mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli, uliohaririwa na Carl Velten na kutolewa Ujerumani mwaka 1901. Tumezoea kusoma Wazungu wakieleza mila za Waafrika. Hapa mtu wa pwani ndiye anayeeleza miji, vyakula na mila za wengine, kwa Kiswahili chetu, zaidi ya miaka 120 iliyopita. Kwamba watoto wetu wanamaliza shule bila kulisikia jina lake ni hasara kubwa.

Adam Shafi naye anajulikana kwa Vuta N'kuvute, hasa baada ya filamu ya mwaka 2021. Wachache wamefika kwenye Haini, riwaya ya mwaka 2003 inayotupeleka katika magereza ya Zanzibar baada ya mauaji ya Rais Karume mwaka 1972. Mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotiwa kizuizini wakati huo, na utalisikia hilo katika kila ukurasa. Akishakuumiza, msome tena katika Mbali na Nyumbani, anaposimulia ujana wake na hamu yake ya kufika Ulaya.

Gereza lilitupatia pia Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa kuihoji serikali ya Kenya. Mashairi yale aliyaandika kwenye karatasi za chooni. Ukidhani ushairi wa vina na mizani ni wa kusifu tu, anza na diwani hii.

Na anayetaka kujifurahisha asikose hadithi za Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum. Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka mwaka 1960 na bado inamnyima mtu usingizi. Katama Mkangi, kwa upande wake, anampandisha mtu aliyehukumiwa kwenye chombo cha angani katika Walenisi ya mwaka 1995, akamfikishe kwenye jamii isiyo na unyonyaji.

Vitabu hivi utavipata wapi? Anza na wauzaji wa vitabu vilivyotumika, na ufike mapema kabla ya jua kali. Ukishika kitabu cha zamani, fungua jalada la nyuma: wachapishaji wa enzi hizo walipenda kuorodhesha vitabu vyao vingine pale, na orodha hiyo ndiyo ramani yako. Uliza pia maktaba ya mkoa, na ukikosa, waandikie wachapishaji. Mchapishaji hawezi kurudisha kitabu sokoni kama hakuna anayekiulizia. Mwezi huu ulizia kimoja kwa jina lake, na ukikipata, ukimaliza mpe jirani.