Kobe Anayeelea Upande Mmoja

Mwaka uliopita, mwezi wa saba, mama mmoja wa mtaa wetu alikuja mlangoni kwangu na beseni kichwani. Ndani mlikuwa kobe wa maji, mkubwa kama sahani. Nyuma yake mtoto wa miaka tisa, analia.

"Baba Pasta, kobe ya mutoto haishuke tena mu mayi. Iko naelea tu, na imelala upande. Majirani banasema ni bulozi."

Nikatazama. Upande wa kuume wa gamba ulizama, wa kushoto ulikuwa juu, sawa mtumbwi uliopakiwa vibaya. Puani mlitoka povu. Na tena, kaka zake mtoto walikuwa wamefunga jiwe kwenye gamba ili "kumusaidia" kushuka! Nikakata kamba ile mbele ya kujibu neno lolote.

Kobe si samaki. Anaishi majini, lakini anavuta hewa kwa mapafu sawa sisi, na ni lazima atoe pua nje. Ukimfunga jiwe, unamzamisha afe. Mapafu yake yako juu, chini ya gamba la mgongo, moja kuume, moja kushoto. Akitaka kushuka anapunguza hewa ndani. Akitaka kupanda anaiongeza. Ni sawa mizani. Basi pafu moja likijaa makamasi au usaha, upande ule unakuwa mzito, na upande ulio mzima unabaki juu. Ndiyo maana anaelea amelala. Huo si ulozi, ni ugonjwa wa mapafu, ule ule unaoshika watoto wetu wakati wa baridi.

Na baridi ndiyo yenyewe. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, Kolwezi zaidi ya 1,400. Katika kipwa, mwezi wa sita na wa saba, usiku joto linaweza kushuka chini ya digri 10. Kobe hana moto wake wa ndani. Mwili wake unafuata maji alimo. Katika mto au kiziwa anajichagulia: anaingia matopeni, au anapanda jiwe lenye jua. Ndani ya beseni, nyuma ya nyumba, kwenye kivuli, ataenda wapi? Mwili ukipoa, nguvu ya kupigana na magonjwa inapungua.

Nikamwuliza mtoto: "Unamulisha nini?" Akajibu: "Bukari na mukate." Hapo nikaelewa zaidi. Kobe wetu wa Katanga, yule anayekunja shingo yake kando chini ya gamba, anakula minyoo, konokono, samaki wadogo, vyura. Bukari peke yake haimpi vitamini A, na pasipo hiyo ngozi laini ya macho na ya njia ya hewa inaharibika. Macho yanavimba, kisha mapafu yanafuata.

Lakini msiogope kila kobe anayeelea. Kobe mzima anapenda kulala juu ya maji, miguu imenyooshwa, akiota jua. Anayewekwa kwenye maji marefu mara ya kwanza anaweza kuelea siku chache mpaka azoee. Pitisha mkono juu yake: akishuka mbio, mwache. Yule anayejaribu kushuka na kushindwa ndiye wa kuangalia. Kama ni matako yanayopanda juu na karibu na miguu ya nyuma pamevimba, mara nyingi ni hewa tumboni, kwa chakula kilichooza au choo kilichofunga. Kama ameinama upande, anafungua kinywa ili kuvuta hewa, hataki kula, basi ni mapafu, na hakuna kungoja.

Tulifanya hivi. Maji tuliyapunguza yasipite urefu wa gamba, ili apate hewa bila kuogelea. Tukaweka tofali apande. Tukaongeza maji ya moto kidogo kidogo, mpaka yakawa vuguvugu mkononi (digri 26 mpaka 28 zinatosha), na usiku beseni ililala ndani ya nyumba. Kisha tukampeleka kwa munganga wa nyama. Wengine wanamega vidonge vya watu na kutia majini. Msifanye hivyo, dawa inapimwa kwa uzito wa kobe. Yule munganga alipiga sindano kwenye mguu wa mbele, akasema turudi mara kadhaa.

Neno moja kwa akina mama: beseni ya kobe isiwe ya kuoshea vyombo. Kobe, hata mzima, anaweza kubeba mikrobi ya salmonela inayoharisha watoto vibaya. Marekani ilikataza mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wasiofikia sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wanawatia kinywani. Mikono ioshwe na sabuni kila mara.

Juma la kwanza hakula. La pili alikula nusu ya ndakala. Juma la tatu, siku ya mungu asubuhi, nikiwa navaa viatu, mtoto akagonga mlango: "Pasta! Ameshuka mpaka chini, anafuata munyoo!"