Alama ya "Sawasawa" katika Mafunzo ya Awali ya Programu za Kompyuta

Mwanachuo aingiapo katika somo la kuandika programu za kompyuta huwa amekwisha kusoma hisabati kwa miaka mingi. Huko alifundishwa kwamba alama ya = ina maana ya kulingana kwa pande mbili. Kisha, katika wiki za mwanzo tu, anaandikiwa ubaoni mstari huu:

a = a + 2

Kwa sheria za hisabati mstari huo ni uwongo mtupu. Mwanachuo makini hushtuka, na ana haki ya kushtuka. Aghalabu hunyamaza, nasi wakufunzi tukadhani ameelewa. Tangu hapo hunakili programu za wenzake, hupata alama za mazoezi, na mtihani ufikapo hujihukumu kuwa hakuzaliwa na akili ya kompyuta. Tunawapoteza wengi kwa njia hiyo.

Waliotunga lugha za programu walilijua tatizo hili. John Kemeny na Thomas Kurtz wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walipotoa lugha ya BASIC mwaka 1964, walitanguliza mbele ya mstari wa namna hii neno la Kiingereza lenye maana ya "na iwe". Niklaus Wirth wa Uswisi, katika lugha yake ya Pascal ya mwaka 1970, aliweka nukta pacha kabla ya alama ya =. Python, iliyotolewa mwaka 1991 na ambayo vyuo vingi huanzia siku hizi, haina msaada huo. Basi hauna budi kutoka kwa mkufunzi.

Wakufunzi wengi hutumia mfano wa kikombe: a ni kikombe, namba ni chai iliyomo. Mfano huu unapendeza, ila unapotosha. Chai ikimiminwa kutoka kikombe hadi kikombe, cha kwanza hubaki kitupu. Tena kikombe chenye chai chaweza kuongezwa maziwa, vyote viwili vikawamo. Kompyuta haifanyi hivyo. Twaona afadhali vibao vya chaki. Kila jina ni kibao kidogo chenye nafasi ya namba moja tu. Kwanza kokotoa kilichoandikwa kulia kwa alama. Kisha futa kibao kilichotajwa kushoto, uandike jibu. Kibao kilichosomwa tu hakibadiliki.

Wanachuo wawili washike vibao, wa tatu asome amri moja moja:

a = 5
b = a
a = a + 2

Kabla chaki haijagusa kibao, kila mmoja darasani aandike daftarini b itakuwa ngapi mwishoni. Wapo watakaoandika 7, kwa kudhani kwamba b imefungamana na a daima, kama ilivyo katika hisabati. Kibao huonyesha 5, kwa sababu mwenye b hakuitwa tena.

Halafu waambiwe wabadilishane: a ni 3, b ni 8. Wakiandika a = b, kisha b = a, vibao vyote viwili vitasomeka 8, na ile 3 imekwisha kufutwa. Hapo wanachuo wenyewe huomba kibao cha tatu. (Python ina njia ya mkato ya kubadilishana kwa mstari mmoja. Tungeshauri ifichwe kwanza.)

Vibao vikizoeleka, vihamie daftarini kama jedwali: safu wima moja kwa kila jina, mstari mmoja kwa kila amri inayotekelezwa. Chukua kazi ya kujumlisha alama 40, 55 na 70. Mwanachuo akiweka amri ya jumla = 0 ndani ya sehemu inayorudiwa, kompyuta itatoa 70 badala ya 165, wala haitalalamika. Akikodolea macho kiwambo haoni kosa. Jedwali humwonyesha jumla ikirudi 0 kila alama isomwapo.

Kazi hii haihitaji umeme. Pale wanachuo wengi wanapongojea mashine chache, wakati wa kungojea watumike kwa majedwali. Mtihani nao utoe programu fupi na kudai jedwali lake, alama zikigawiwa kwa kila mstari, ili aliyekosea mstari wa nne asinyimwe alama za mitatu ya kwanza.