Kompyuta isiyopiga kelele: Maji yanapoza diski, hayaokoi kazi yako

LANHAM, MARYLAND

Waafrika Mashariki wengi tulioko Lanham na vitongoji vya jirani kama New Carrollton na Greenbelt tunaishi kwenye fleti za kupanga. Sebule mchana ni mahali pa kulia chakula, usiku ni ofisi, na wakati mwingine ni chumba cha mgeni. Aliyetoka kubeba boksi zamu ya usiku analala, mwenzake yuko mezani anarekodi mahojiano na nyumbani, ambako kumeshakucha. Katika makazi ya namna hiyo, kompyuta inayonguruma ni kero kwa wote wawili.

Kelele hizo zinatoka wapi? Wengi hulaumu feni, na hawakosei. Lakini ukishatuliza feni, unaanza kuisikia diski kuu, ile ambayo mafundi wa mitaani huiita hadi diski. Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde. Mtikisiko huo unapita kwenye skrubu hadi kwenye bodi la chuma, kutoka hapo hadi kwenye meza, na chumba kizima kinavuma kama mzinga wa nyuki. Kinasa sauti nacho hakichagui, kinabeba yote.

Dawa ya kwanza ni kuitenga diski na chuma kwa kuining'iniza kwenye mipira, au kuifunga ndani ya kasha lenye sponji. Kelele inapungua kweli, lakini sasa joto halina pa kutokea. Diski hiyo hula umeme wa wati 6 hadi 10 hivi inapofanya kazi. Ni kidogo sana ukilinganisha na prosesa, ila ndani ya kasha lililozibwa joto hilo linajikusanya, na watengenezaji wengi huweka kikomo cha nyuzi 60 za Selsiasi. Kompyuta ikiwa ndogo, isiyo na nafasi ya hewa kupita, hali inakuwa mbaya zaidi.

Hapo ndipo maji yanapoingia. Usifikirie mtungi, ambao hupoza kwa sababu maji yake yanavukia nje. Huu ni mfumo uliofungwa, fikiria rejeta ya gari. Bamba la shaba au alumini lenye njia za maji ndani yake linabanwa ubavuni mwa diski. Pampu ndogo inasukuma maji kupitia mpira hadi kwenye rejeta iliyoko nje ya bodi, yanapoa, kisha yanarudi. Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita moja ya hewa, kwa hiyo mtiririko wa polepole unatosha.

Mambo haya si ya kubuni. Mwaka 2004 kampuni ya Apple iliuza Power Mac G5 ambayo prosesa zake zilipozwa kwa kimiminika. Miaka hiyo hiyo kampuni ya Zalman ya Korea Kusini iliuza Reserator, mnara wa alumini usio na feni, unaosimama kando ya kompyuta na maji yake ndani.

Anayetaka kujaribu azingatie haya. Tumia maji yaliyotoneshwa, si ya bomba. Usichanganye shaba na alumini kwenye mzunguko mmoja, kwani zitaliwa na kutu. Zungusha maji siku nzima kabla hujaiunganisha diski, uone kama panavuja. Usizibe kile kitundu kidogo cha kupumulia kilichoandikwa onyo juu ya diski. Pampu nayo iweke juu ya sponji, la sivyo utakuwa umehamisha kelele tu. Na kwa ndugu walioko Dar es Salaam au Mombasa: rejeta haiwezi kushusha joto chini ya lile la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 32, maji yatakuwa juu ya hapo.

Sasa tuje kwenye kiini cha mambo. Wapo wanaoamini kwamba diski ikipozwa itaishi milele. Mwaka 2007 wataalamu wa Google walitoa utafiti wa diski zaidi ya 100,000. Walikuta kwamba diski za baridi hazikuwa salama kuliko za vuguvugu. Joto lilionekana kudhuru pale tu lilipokuwa kali sana, au diski ilipokuwa imezeeka. Zaidi ya hapo, zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya ishara nne kuu za hatari. Zilikufa bila kuaga.

Kwa hiyo maji yanakununulia ukimya, hayakununulii uhai wa diski. Na kama ni ukimya tu, leo kuna diski za SSD zisizo na kitu kinachozunguka, ndogo na kimya kabisa. Diski za kuzunguka bado zina nafasi yake kwa wenye kumbukumbu nyingi, kwa kuwa ni nafuu zaidi kwa ujazo. Lakini SSD nazo hufa.

Kwetu tulio mbali na nyumbani, hili si suala la mafundi pekee. Kuna sauti za watu waliokwisha kufariki, picha za nyumba ambazo hazipo tena, na hati ambazo mwenyewe huwezi kurudi kuzifuata. Bei ya pampu, bamba na rejeta inaweza kununua diski ya pili. Nunua hiyo kwanza, weka nakala, uipeleke kwa ndugu au rafiki unayemwamini, nyumba nyingine kabisa. Ukishafanya hivyo, weka maji ukipenda, na jirani yako alale.