Damu Kwenye Mkojo wa Mzee: Si Kichocho Kila Mara

Aliyezaliwa Kipini au Garsen, hata kama siku hizi anaishi Mombasa au Nairobi, hahitaji kuelezwa kichocho ni nini. Mtoto aogeleaye kwenye maji yaliyotuama, kisha akakojoa damu, hamshangazi mtu. Ndiyo maana mzee wa miaka 65 akiona damu kwenye mkojo husema ni kile kichocho cha utotoni kimerudi. Humeza prazikwanteli, damu ikakauka siku chache, halafu ikaanza tena.

Mzee mmoja mvuvi wa Kipini aliletwa kwangu na mwanawe akiwa amekwisha kumeza dawa hiyo mara tatu. Mkojo wake haukuonyesha yai hata moja la kichocho. Nilipompima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa (kipimo cha dakika moja tu, ingawa wazee wetu hukionea haya mno) nilikuta tezi dume imekua sana.

Tezi hiyo iko chini ya kibofu na imeizunguka njia ya mkojo. Hukua kwa amri ya testosteroni, homoni ya kiume itengenezwayo hasa na korodani, ambayo ikifika ndani ya tezi hugeuzwa kuwa homoni kali zaidi. Lakini homoni haikuzi nyama ya tezi peke yake. Huzifanya seli za tezi zitoe kichocheo kinachoziambia seli zilizotandikwa ndani ya mishipa midogo ya damu zigawanyike, na mishipa mipya ichipuke. Nyama ikiongezeka lazima ilishwe. Mishipa hiyo michanga ni dhaifu, nayo ikipasuka damu huingia kwenye mkojo.

Wafugaji wa Tana wanajua kuwa fahali akihasiwa akawa maksai, mwili wake hubadilika. Tezi dume nayo hunywea. Ungedhani nyama ya tezi hufa kwanza, kisha mishipa ikafuata. Majaribio ya panya yalionyesha kinyume: katika siku ya kwanza tu baada ya kuhasiwa, damu iendayo kwenye tezi hupungua, na seli za mishipa huanza kufa kabla ya zile za tezi yenyewe. Kwa upande wa binadamu, Charles Huggins wa Chicago alionyesha mwaka 1941 kuwa kuondoa korodani hurudisha nyuma saratani ya tezi dume, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1966.

Usishtuke, bwana, simwambii mtu ahasiwe! Kwa tezi iliyokua bila saratani kuna kidonge cha finasteridi, kinachozuia testosteroni isigeuzwe kuwa ile homoni kali. Mishipa ya tezi hupungua na damu nayo hupungua. Tezi yenyewe huchukua kama miezi 6 kunywea vya kutosha, kwa hiyo usikitupe kidonge baada ya wiki mbili ukisema hakifai. Wanaume wachache hupungukiwa na nguvu au hamu ya tendo la ndoa. Wakimweleza daktari atawashauri. Mama mjamzito asishike kidonge kilichovunjika, kwani kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Hata hivyo dawa hii haianzwi kwa kubahatisha. Damu kwenye mkojo yaweza kutoka kwenye mawe, saratani ya tezi, au saratani ya kibofu, ambayo kichocho cha miaka mingi huweza kuisababisha. Mzee apimwe mkojo, apigwe picha ya altrasaundi, na ikibidi kibofu kitazamwe kwa kamera nyembamba. Mkojo ukiziba kwa mabonge ya damu, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kipo pia kipimo cha damu kiitwacho PSA, kinachosaidia kutafuta saratani ya tezi dume. Mtu aliyetumia finasteridi miezi 6 au zaidi, kiwango chake hushuka karibu nusu. Daktari asiyejua ataona namba ndogo akadhani mambo ni shwari. Mwana wa yule mzee nilimwambia aiandike dawa hiyo kwenye jalada la daftari la kliniki la babake, kwa herufi kubwa.