Malengo Yanayolingana na Hulka Yako

Kila Januari wengi wetu akina mama hujiwekea malengo: kuweka akiba, kuanzisha mradi, kupunguza ukali kwa watoto. Masika yakifika, malengo yamesahaulika, nasi twajiita wavivu. Lakini je, ni uvivu kweli? Mara nyingi tumeazima lengo la jirani ambalo halilingani na hulka yetu.

Wagiriki wa kale waliwagawa watu katika hulka nne: mchangamfu, mtendaji mwenye amri, mwenye kufikiri sana, na mpole asiye na haraka. Waliamini kwamba chanzo chake ni majimaji ya mwilini, jambo ambalo sayansi imelikataa. Hata hivyo, majina hayo hutusaidia kujichunguza, maadamu tukumbuke kuwa wengi wetu tuna mchanganyiko.

Tuchukue soko la mitumba la Kiborloni, hapa Moshi. Mama mchangamfu hupata nguvu katika kuita wateja na kupatana bei. Mama mpole akimwiga, akatoa fedha za sare za watoto kununua robota, huenda akarudi jioni amechoka na mzigo haujauzika. Huyo huenda angefanikiwa zaidi kihambani, akitunza migomba, kuku na ng'ombe wa maziwa, kazi inayotaka uvumilivu wa kila siku.

Mchangamfu naye ana udhaifu wake: huanza mengi na kumaliza machache. Lengo lake liwe fupi, la wiki moja, na awe na mwenzake wa kumkumbusha; kikundi cha kuweka na kukopa kinamfaa. Mtendaji hutimiza upesi, ila aweza kuwasukuma mume na watoto kama vibarua. Katika malengo yake aweke pia saa ya kuwasikiliza. Mwenye kufikiri sana hupanga vizuri lakini huogopa kuanza. Ajipangie tarehe na aanze na kidogo. Mpole agawe lengo katika hatua, na asikubali kila ombi la watu likamla muda wake.

Mlima wetu unatufundisha. Katika njia ya Marangu wapandaji hulala Mandara, karibu mita 2,700, kisha Horombo, mita 3,720, kisha Kibo, karibu mita 4,700, kabla ya kukabili kilele cha Uhuru, mita 5,895. Waongozaji husisitiza "pole pole" kwa kuwa mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea hewa nyepesi. Hata kijana mwenye nguvu akikimbilia juu aweza kuugua na kuteremshwa.

Hii haina maana kwamba hulka iwe kisingizio. Hatuwezi kusema, "Mimi ni mkali tu, nivumilieni," huku watoto wanatuogopa. Hulka hutuonyesha njia ya kufuata, haituondolei safari. Martha na Mariamu walikuwa ndugu wa nyumba moja, lakini hawakufanana.

Basi, mpendwa msomaji, wiki hii jiulize: ni kazi gani hunipa nguvu, na ipi hunichosha upesi? Waulize pia mumeo na rafiki anayekujua. Kisha andika lengo moja tu, hatua yake ya kwanza, na siku ya kuianza. Liwe lako, si la jirani.