Dar es Salaam na mgeni wa mfuko mwembamba

Safari za treni ya reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilipoanza katikati ya mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida ilipangwa kuwa shilingi 31,000, na ya kutoka Morogoro shilingi 13,000. Mwendo wa Dodoma sasa hauzidi saa nne. Nauli hizo zimeleta mteja ambaye jiji bado halijamwandalia chochote: mwalimu, karani au mwanafunzi wa chuo anayeshuka Stesheni Jumamosi asubuhi akiwa na pesa ya kula na kutembea, ila si ya kulala hoteli ya ufukweni. Takwimu za utalii tunazotangaziwa kila mwaka humhesabu zaidi mgeni wa nje, na ni kweli idadi hiyo inapanda. Ilivuka milioni 1.8 mwaka 2023 na milioni 2 mwaka uliofuata. Lakini wengi wa wageni hao wanawaza Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar, na Dar es Salaam kwao ni mahali pa kubadilishia ndege. Naamini jiji hili limelalia biashara kubwa ya matembezi ya bei nafuu. Vivutio vipo na chakula kipo. Kinachoikwamisha ni bei ambazo mgeni hazijui mpaka aulize, na akishauliza tayari amejulikana kuwa ni mgeni.

Tazama mahali ambapo bei inajulikana. Nauli ya mabasi ya mwendokasi haimwangalii mtu usoni. Pantoni ya Magogoni imemvusha mwenda kwa miguu kwa shilingi 200 miaka mingi, na kwa hiyo mia mbili mtu anapata upepo wa bahari, mandhari ya lango la bandari na majengo marefu ya Posta yakirudi nyuma taratibu, jambo ambalo katika miji mingine ya pwani lingekatiwa tiketi ya boti ya starehe. Kutoka Stesheni, kanisa la Azania Front na lile la Mtakatifu Joseph, yote mawili yaliyokamilika mwaka 1902, yanafikika kwa miguu. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 haiko mbali, na ukiendelea unaifikia Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert, iliyofunguliwa mwaka 1940, inayosimulia habari za Zinjanthropus, fuvu alilolivumbua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Huo ni mzunguko wa nusu siku usiohitaji gari. Lakini mgeni huyo akitaka kwenda Coco Beach kula mihogo, au Kijiji cha Makumbusho kuona nyumba za asili, anaangukia mikononi mwa bajaji ambayo bei yake hutegemea lafudhi yake na ukubwa wa begi lake. Mwenye pesa nyingi hulipa akacheka. Mwenye pesa ya kuhesabu hughairi, na kughairi kwake hakuingii katika takwimu yoyote.

Kwenye chakula, hali ni hiyo hiyo, na hapa ndipo penye uchumi wenyewe. Pale kwenye soko la samaki la Feri, mnada hupigwa asubuhi, na hatua chache kutoka mnadani karai la mafuta linachemka juu ya mkaa. Pweza hukatwa vipande vidogo, na supu yake hutiwa kwenye kikombe, mnywaji akasimama hapo hapo na pilipili yake pembeni. Fuata pesa ya huyo mnywaji. Sehemu inakwenda kwa muuza mkaa, sehemu kwa mchuuzi aliyeshinda mnadani, na kupitia kwake inamfikia mvuvi. Inayobaki inalipa ada ya shule. Mama lishe wa wali maharage naye hununua mchele Tandale na nazi Kariakoo. Mnyororo mzima uko ndani ya nchi. Kifurushi cha safari ya kifahari hulipiwa mara nyingi kabla mgeni hajapanda ndege, na sehemu ya fedha yake hubaki kwa wakala wa huko huko alikotoka au hurudi nje kununua mvinyo na jibini. Sidharau fedha za kigeni, nchi inazihitaji sana. Ninachosema ni kwamba shilingi ya mgeni mdogo huzunguka mikono mingi zaidi kabla ya kutoka mjini.

Atakayepinga atasema matumizi ya mtu huyu ni madogo mno kujengea sera. Kwa kichwa kimoja, ni kweli. Lakini yeye haji kwa msimu. Masika yanapofunga kambi nyingi za mbugani kati ya Machi na Mei, treni inaendelea kumleta. Pingamizi zito zaidi ni la usafi, na halifai kupuuzwa: jiji hili limewahi kuugua kipindupindu, na ndoo moja ya maji ya kuoshea sahani mchana kutwa ni hatari kwa mgeni na mwenyeji vilevile. Ila dawa yake inajulikana na si ghali: bomba, choo, na ukaguzi usiogeuka kuwa kuvunja vibanda. Sheria tayari inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mama lishe kinachoomba tangi na sinki kingestahili kuwa mbele ya foleni hiyo. Wapo pia wanaohofia kwamba wageni watapandisha bei ya sahani ya mfanyakazi wa ofisini. Bei ikiandikwa ubaoni, moja kwa wote, huyo mfanyakazi ndiye atakayekuwa wa kwanza kupiga kelele ikipanda, na muuzaji anajua kwamba Jumatatu anamtegemea yeye.

Muda hausubiri. Mashindano ya AFCON ya 2027 yamepewa Kenya, Tanzania na Uganda, na mashabiki wengi watakaojaza Uwanja wa Benjamin Mkapa watakuwa watu wa basi na gesti, wenye siku nzima ya kupoteza kabla ya mpira kuanza. Wakishuka Stesheni waikute ramani ya ukutani yenye njia ya kwenda kwa miguu, nauli ya bajaji hadi Coco Beach iliyokubaliwa na madereva wenyewe, na bei ya supu ya pweza pale Feri.